Kilibaki Nini? Historia Fupi ya Biashara za Mpaka Wetu



Kamati yetu imeomba walimu wachangie katika toleo hili la kumbukumbu. Nimechagua kuandika juu ya kazi na biashara ambazo zimelisha eneo hili la mpakani, yaani nchi inayoanzia Mbarara, ikipita Isingiro hadi Mto Kagera, ambako Uganda inapakana na Tanzania na Rwanda. Nimechagua jambo hili kwa sababu kuna maneno yanayosemwa sana siku hizi, ndani ya kambi na nje yake. Husemwa kwamba mkimbizi ni mtu wa kula tu, na kwamba kabla yetu eneo hili lilijitegemea lenyewe bila wageni. Historia haisemi hivyo. Historia inasema kwamba kila biashara kubwa ya mpaka huu ilitegemea watu waliovuka.

Lakini kuna swali la pili, nalo ni zito zaidi. Biashara zilikuja na kuondoka. Baada ya kila moja, kilibaki nini mikononi mwa watu waliofanya kazi? Naomba tulishike swali hilo tunapopita katika nyakati mbalimbali.

1. Chumvi, ng'ombe na pembe

Kabla ya wakoloni, utajiri wa Nkore ulikuwa ng'ombe wenye pembe ndefu. Ng'ombe alitoa maziwa, samli, ngozi na heshima. Lakini ng'ombe anahitaji chumvi, na watu pia. Chumvi nzuri ilitoka Katwe, karibu na Ziwa Edward, ikabebwa vichwani siku nyingi na kubadilishwa kwa vitu vingine. Majembe na mikuki ilitoka kwa wahunzi, na wahunzi wa Karagwe walikuwa na sifa. Kwa hiyo hata zamani hizo, mfugaji wa hapa hakuweza kuishi bila mtu wa mbali.

Katika karne ya 19 wakaja wafanyabiashara kutoka pwani. Waarabu na Waswahili walitoka Zanzibar na Bagamoyo, wakapitia Tabora, wakafika Karagwe, kusini ya Mto Kagera. Huko walijenga kituo mahali panapoitwa Kafuro, si mbali na makao ya Mfalme Rumanyika. Mwingereza Speke alifika kwa Rumanyika mwaka 1861, na Stanley alipita Kafuro mwaka 1876, akawakuta wafanyabiashara hao wakiwa wametulia kabisa. Walileta nguo, shanga, waya wa shaba na bunduki. Walichukua pembe za ndovu, na walichukua pia watu. Hilo la pili tusilifiche kwa watoto wetu.

Kilibaki nini? Ndovu walikwisha, nguo zilichakaa. Kilichobaki ni lugha. Hiki Kiswahili ambacho Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali na Mnyankole wanakutana nacho sokoni leo kilipanda njia za misafara hiyo kama lugha ya kununua na kuuza. Mwaka 2022 serikali ya Uganda iliamua kifundishwe kwa lazima mashuleni. Wanaosema Kiswahili ni lugha ya wageni wasisahau kwamba kilikuwa ng'ambo ya Kagera kabla ya bendera yoyote ya Ulaya.

Mwishoni mwa karne hiyo likaja balaa. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi mno katika nchi hizi zote. Aliyekuwa tajiri jioni aliamka maskini. Baadaye mbung'o walisambaa katika nyanda za mashariki ya Ankole, mifugo ikafa, watu wakahama. Sehemu kubwa ya nyanda hizo ikabaki pori lenye watu wachache.

2. Bati na miguu ya vibarua

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi, na baadaye Mto Kagera ambao watu walikuwa wanauvuka kwa mitumbwi ukawa sehemu ya mpaka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mjerumani aliondoka. Tanganyika ikawa chini ya Mwingereza, Rwanda na Burundi chini ya Mbelgiji. Tangu hapo, kuvuka mto kulimaanisha kutoka utawala mmoja kuingia utawala mwingine, kodi nyingine na mshahara mwingine. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa biashara.

Katika miaka ya 1920 madini ya bati, ambayo sisi tuliotoka Kivu tunayajua kwa jina la kasiterite, yaligunduliwa kusini ya Ankole. Machimbo ya Mwirasandu, upande wa Kikagati, yakawa makubwa kuliko yote ya bati nchini Uganda. Kazi ilikuwa ya mikono: sururu, koleo, karai na maji ya kusafishia mchanga. Vibarua wengi walivuka kutoka Rwanda.

Lakini machimbo yalichukua wachache tu. Wengi walipita. Huko Rwanda na Burundi watu walibanwa na kodi, kazi za kulazimishwa na kiboko. Njaa ya Rwakayihura mwaka 1928 na 1929 ilisukuma wengi zaidi, na ile ya Ruzagayura mwaka 1943 na 1944 ikafanya hivyo hivyo. Walivuka Kagitumba na Kikagati, wakatembea kwa miguu kupitia Ankole, wakaelekea Masaka na Buganda kulima pamba na kahawa ya watu, au kukata miwa katika mashamba makubwa. Njia ilikuwa ndefu, wengine walifia humo. Serikali ya Uganda, kwa kuwa ilihitaji mikono yao, ilijenga kambi za kupumzikia njiani.

Naomba tutulie hapo kidogo. Kambi hizo za wapita njia zilijengwa eneo hili miaka mingi kabla ya makazi ya wakimbizi. Watu wale hawakuitwa wakimbizi, waliitwa vibarua. Hata hivyo wengi wao walikimbia yale yale ambayo wengine wetu tuliyakimbia: njaa na mkono wa serikali. Jina linategemea nani anakuhitaji siku hiyo.

Kilibaki nini? Machimboni yalibaki mashimo. Vibarua walirudi na blanketi, nguo, wachache na baiskeli. Wengine walioa na kubaki. Ndiyo maana leo ukiuliza vizuri katika vijiji vingi vya hapa, utakuta babu mmoja aliyevuka mto. Lakini bati lenyewe lilikwenda kuyeyushwa mbali, na faida ikaenda na bati.

3. Kahawa, magendo na vita

Baada ya uhuru wa 1962, kahawa ilikuwa nguzo ya Uganda, na Ankole nayo ilipanda. Mkulima aliuza kupitia ushirika na bodi ya serikali. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, maduka yakagawiwa kwa watu wasiojua kuyaendesha, bidhaa zikapotea. Sabuni, chumvi na sukari vikawa vitu vya kutafutwa usiku.

Mwaka 1975 baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil, na kufikia 1977 bei ya dunia ilipanda sana. Lakini bodi ililipa bei ndogo, tena kwa kuchelewa. Basi watu wakavusha kahawa kwa siri na kurudi na bidhaa. Neno magendo likajulikana na kila mtoto. Mpaka ukawa shamba la pili, na mavuno yake yalikuwa hatari: aliyekamatwa na askari wa Amin hakuwa na hakika ya kurudi nyumbani.

Oktoba 1978 jeshi la Amin liliingia Tanzania na kuteka nchi iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Ng'ombe waliporwa, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Tanzania ikajibu. Februari 1979 majeshi yake yalifika Mbarara, na sehemu kubwa ya mji ikabomolewa. Aprili 1979 Kampala ilianguka. Pande zote mbili za mto, kazi ya miaka mingi iliharibiwa kwa miezi michache. Hapakuwa na mshindi miongoni mwa wakulima.

4. Mwaka ambao haupaswi kusahauliwa

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi 1960, katika hizo nyanda zilizokuwa na watu wachache. Wengi wa wakazi wake wa kwanza walikuwa Watutsi waliokimbia Rwanda kufuatia machafuko yaliyoanza Novemba 1959. Walifyeka pori, walilima, walifuga, na baadhi yao waliondoka makazini wakaishi katikati ya wenyeji, wakachunga na kulima huko.

Oktoba 1982, wakati wa utawala wa pili wa Obote, viongozi wa wilaya na vijana wa chama tawala waliwafukuza Wanyarwanda katika vijiji vya Ankole. Hawakutofautisha mkimbizi, mjukuu wa kibarua na raia aliyezaliwa hapa. Nyumba zilichomwa, mabati yaling'olewa, ng'ombe walichukuliwa. Makumi ya maelfu walikimbia, wengine kuvuka kwenda Rwanda, wengine kujibana hapa Nakivale na Oruchinga. Mwezi uliofuata Rwanda ilifunga mpaka, na maelfu wakanaswa Mirama, mbele wamezuiwa, nyuma wamefukuzwa.

Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba watu hawa wamemaliza ardhi. Je, ardhi iliongezeka walipofukuzwa? Wachache waligawana ng'ombe na mashamba. Na wengi wa vijana waliofukuzwa waliingia vita vya msituni ambavyo viliishia kuchukua Kampala Januari 1986. Tarehe 1 Oktoba 1990 wengine walivuka Kagitumba kwa silaha kuingia Rwanda. Historia yote iliyofuata, hadi mauaji ya kimbari ya 1994 na vita vya Kongo, mnaijua kwa sababu ndiyo iliyotuleta wengi wetu hapa. Sisemi kwamba yote yalisababishwa na 1982. Nasema kwamba aliyefukuzwa hapotei. Wahenga walisema, dua la kuku halimpati mwewe, lakini binadamu si kuku.

5. Maziwa na matoke

Sasa tuje kwenye biashara zinazobeba eneo hili wakati wetu. Ni mbili: maziwa na matoke.

Zamani maziwa ya Ankole yalinywewa nyumbani au kugeuzwa samli, kwa kuwa maziwa mabichi hayasubiri. Serikali iliunda shirika la maziwa mwaka 1967, lakini vurugu za miaka ya 1970 zililidhoofisha. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya amani kurudi. Wafugaji walichanganya ng'ombe wa kienyeji na Frisiani, wakazungushia ua mashamba yao, na sheria ya 1998 ilifungua biashara ya maziwa kwa makampuni binafsi. Vikajengwa vituo vya kupoza maziwa kando ya barabara. Hicho ndicho kiini cha mambo yote: tangi la baridi. Maziwa yakipozwa yanaweza kusubiri lori, na yakisubiri lori yanaweza kufika kiwandani. Mwaka 2013 kiwanda cha Pearl kilianza kutengeneza maziwa ya unga na ya pakiti hapo hapo Mbarara, na viwanda vingine vipo. Maziwa ya Mbarara yanauzwa hata nje ya Uganda. Mwanzoni mwa 2020, Kenya ilipozuia baadhi ya maziwa hayo, bei kwa mfugaji iliyumba. Tunaona tena kwamba mpaka ukikaza, anayeumia kwanza ni yule wa mwisho kijijini.

Matoke nayo ina safari yake. Zamani kitovu chake kilikuwa Buganda. Udongo wa huko ulipochoka na wadudu wakaongezeka, kilimo kilihamia magharibi. Isingiro, wilaya iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2006, ni miongoni mwa wilaya zinazoongoza kwa matoke. Malori yanayopita alfajiri na mikungu yanakwenda Kampala. Na katika mashamba hayo, ni nani anayepalilia, anayekata majani makavu, anayebeba mikungu hadi barabarani? Mara nyingi ni kijana wa kwetu, kutoka Juru au Rubondo, akilipwa kwa siku.

Kilibaki nini? Kwa maziwa, jibu ni tofauti na la bati. Kiwanda kiko Mbarara, na kimeleta kazi za fundi, dereva, daktari wa mifugo na karani. Karo za shule zimelipwa. Mbarara ilipata hadhi ya jiji Julai 2020. Tofauti kati ya maziwa na bati ni hii: bati lilitoka likiwa ghafi, maziwa yanatengenezwa karibu na ng'ombe.

6. Biashara ya saba: makazi yetu

Nimetaja ng'ombe, pembe, bati, kahawa, maziwa na matoke. Katika hesabu yangu, makazi haya nayo ni nguzo ya uchumi wa mpaka, ingawa hayatajwi hivyo.

Wakati wa mavuno, wanunuzi kutoka Mbarara huja na malori kuchukua mahindi na maharage yetu. Katika soko la Base Camp, Msomali anauza kwa jumla, Mkongo anauza vitenge na kushona, Mrundi anatengeneza baiskeli, Mwethiopia ana hoteli, Mnyankole anakuja na matoke na maziwa. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, na jambo hilo ni nadra duniani. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliochunguza uchumi wa wakimbizi nchini Uganda, Nakivale ikiwemo, walionyesha kwamba biashara zetu zimefungamana na za wenyeji. Huko Kampala walikuta kwamba, katika biashara za wakimbizi walioajiri watu, wafanyakazi 40 katika kila 100 walikuwa raia wa Uganda.

Hata hivyo tusijidanganye. Ploti zimepungua kadiri watu walivyoongezeka. Ukame unakuja bila taarifa. Mgao wa chakula ulipunguzwa mwaka 2020, mwaka 2023 tukagawanywa makundi, na mwaka 2025 wengi waliondolewa kabisa kwenye orodha. Mimi naona matokeo darasani: mtoto anayelala juu ya dawati saa nne asubuhi, na mwingine ambaye haji siku za palizi kwa sababu yuko shambani kwa watu.

Tena kuna desturi inayotumaliza polepole. Mama ana mgonjwa au anadaiwa; mnunuzi anampa pesa kidogo mahindi yakiwa bado kijani. Siku ya kuvuna, gunia si lake. Wenzetu wa Karagwe na Bukoba wamekuwa na desturi hiyo hiyo katika kahawa, wanaiita butura, nayo imewarudisha nyuma wakulima wengi. Miezi michache baadaye yule mama ananunua unga wa mahindi yale yale, umesagwa mjini, kwa bei kubwa. Hili ndilo bati la Kikagati likirudi kwa sura ya mahindi.

7. Tufanye nini?

Mimi ni mwalimu, si mtaalamu wa uchumi. Lakini historia hii inanipa ujasiri wa kupendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila kijiji kiwe na daftari. Kamati iandike msimu kwa msimu: magunia mangapi yameuzwa nje, kwa bei gani, vibarua wangapi wamekwenda mashamba ya wenyeji, wenyeji wangapi wameuza bidhaa sokoni kwetu. Kile kisichoandikwa hakihesabiwi. Ndugu zetu wa mashirika wanahesabu vizuri kile tunachopokea; tunawaomba wahesabu pia kile tunachotoa.

Pili, akina mama na vijana waungane kuhifadhi na kusaga mahindi yetu hapa hapa, na vikundi vya kuweka akiba viwe na mfuko wa dharura, ili ugonjwa wa mtoto usiuze shamba zima. Wafugaji wa Mbarara walisaidiwa na tangi la baridi. Sisi tangi letu ni ghala kavu na mashine ya kusaga.

Tatu, daftari hilo tulisome pamoja na wenyeji. Tusingoje siku ya ugomvi wa ng'ombe kuingia shamba. Mwenyeji akiona kwa maandishi kwamba duka lake linaishi kwa wateja wa kambini, na sisi tukiona kwamba palizi yake inalipia daftari za watoto wetu, maneno ya 1982 yatakosa pa kuota.

Wengi waliofyeka pori hili miaka ya mwanzo walirudi Rwanda baada ya 1994. Waliacha mashamba, njia na visima vya maji ambavyo wengine wetu tulivikuta. Sisi nasi tutaondoka siku moja, au watoto wetu wataondoka. Atakayekuja kufundisha historia hapa Ngarama baada yetu atawauliza wanafunzi swali hili hili: baada yao, kilibaki nini? Jibu linaandikwa msimu huu.



Mwalimu wa shule ya msingi,
Ngarama, Nakivale